Njia ya Miguu kutoka Ujiji mpaka Gombe

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za njia moja ya miguu, na habari za miti na vibanda vilivyo kando yake. Njia yenyewe si ndefu. Yaanza Ujiji, yapita Kigoma na Kibirizi, kisha yafuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini mpaka penye msitu wa Gombe. Toka Ujiji mpaka Kigoma ni mwendo wa kilomita 8 hivi, na toka Kigoma mpaka kuufikia msitu ni kilomita 16. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuimaliza kwa siku moja, lakini akienda mbio hivyo atapata uchovu tu, wala hatapata maarifa. Afadhali aigawe kwa siku mbili au tatu, apate nafasi ya kukaa kivulini na kuuliza habari.

Sababu ya kuichagua njia hii ni kwamba miti iliyo kando yake haikuota ovyo. Mwembe ulifuata misafara ya biashara. Mchikichi huonyesha penye makao ya watu, au palipokuwa na makao. Na myombo huonyesha nchi ilivyokuwa kabla ya shoka kufika. Ajuaye kuitofautisha miti hii mitatu hujua mengi ya nchi kabla hajaambiwa neno na mtu. Na tena kuna jambo la pili: katika njia hii mtu hupita kwa saa chache tu kutoka vilima vilivyovuliwa miti yake mpaka vilima vilivyohifadhiwa, akaona kwa macho yake mwenyewe tofauti iliyopo, na faida na gharama ya kila upande.

ZIWA LENYEWE

Yafaa kwanza tuseme kidogo juu ya ziwa, maana ndilo linaloamuru mambo yote ya pwani ile. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, na upana wake ni mdogo, hata siku isiyo na ukungu mtu asimamaye Ujiji huiona milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Kina chake chafika mita 1,470. Duniani pote ni ziwa moja tu lililo refu zaidi kwa kina, nalo ni Baikal katika nchi ya Urusi. Nchi nne zashirikiana maji yake: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Walakini maji mengi hivyo si yote yafaayo kwa samaki. Chini ya mita 200 hivi, na mahali pengine hata kabla ya hapo, hewa ndani ya maji haitoshi kumweka samaki hai. Wavuvi wote wa nchi nne huvua katika tabaka la juu tu. Wakati wa kiangazi upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, ukayasukuma maji ya juu na kuyachanganya na yale ya chini yenye rutuba. Ndipo vijidudu vya majini huongezeka, na dagaa hupata chakula. Kwa hiyo upepo ule unaowasumbua wenye mitumbwi ndio unaowalisha.

Jambo jingine la kujua ni kwamba ziwa hili hupanda na kushuka. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, yaani Lukuga, uendao Kongo. Zamani mdomo wa Lukuga ulizibwa na matope na majani, ziwa likajaa miaka mingi. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kile kilivunjika, na kwa muda wa miaka kama 15 maji yakashuka mita 10 hivi. Ndiyo maana mahali pengi palipokuwa ukingo wa Ujiji wakati ule ni nchi kavu leo. Lakini mtu asidhani kwamba maji yakiondoka yameondoka moja kwa moja. Mwaka 1964 yalipanda sana, na katika miaka ya 2020 na 2021, kisha tena 2024, yalifunika fukwe na nyumba katika miji ya ukingoni, tangu Bujumbura na Uvira mpaka upande wa Kigoma. Wazee wa pwani husema kwamba ziwa hukumbuka mipaka yake. Na aliyejenga juu ya mchanga amejenga katika shamba la mwenyewe.

MIEMBE YA UJIJI

Mwendo wetu waanza Ujiji, penye miembe mikubwa. Mwembe si mti wa asili ya nchi hii. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Ulifika pwani yetu kwa vyombo vya bahari, na toka pwani ukaenda bara kwa miguu ya watu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikipita Tabora ilichukua miezi mingi kufika Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila 2, yaani ratili 70 hivi, na kila jioni alihitaji kivuli na maji. Palipokuwa na kambi, miembe ilipandwa, au kokwa zilitupwa zikaota zenyewe. Basi hata leo mtu aweza kuifuata sehemu ya njia ile ya zamani kwa kutazama safu za miembe, hata mahali ambapo njia yenyewe imekwisha potea. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliitaja njia hiyo ya watumwa na pembe katika orodha ya mahali ipendapo pahesabiwe kuwa urithi wa dunia, na Ujiji ndio mwisho wake upande wa magharibi.

Bwana Burton na Bwana Speke walifika hapa mwezi wa Februari mwaka 1858. Dokta Livingstone alifika mara ya kwanza mwaka 1869, akavuka kwenda Manyema. Mwaka 1871, baada ya kuona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe, alirudi Ujiji mwezi wa Oktoba hali mgonjwa na maskini, na siku chache baadaye Bwana Stanley akamkuta. Husemwa sana juu ya mkutano wa Wazungu wale wawili. Husemwa kidogo juu ya Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye ndiye aliyetoka mbio kumpokea mgeni na kumpa habari kwamba Daktari yu hai. Susi huyo, pamoja na Chuma na wenzao, ndio waliouchukua mwili wa bwana wao mwaka 1873 kutoka nchi ya Ilala, katika Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu. Penye mkutano ule pana nguzo ya ukumbusho na nyumba ya makumbusho, na miembe ambayo husemwa kuwa ni vizazi vya mwembe wa wakati ule. Zamani mahali hapo palikuwa karibu na maji. Leo mtu hutembea kitambo kabla hajafika ufukoni. Sababu yake tumekwisha kuieleza tuliposimulia habari za Lukuga.

Ujiji wa wakati ule ulikuwa soko kubwa. Katika miaka ya 1870 fedha ya sokoni ilikuwa ushanga ulioitwa sofi. Chumvi ililetwa kutoka Uvinza, ambako watu wameichemsha kutoka katika chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000. Samaki, mawese, mahindi na vyungu viliuzwa kando ya pembe na nguo. Wajiji na Waha, ambao ni wenyeji, walikutana na waungwana wa pwani, na Waarabu, na watu wa ng'ambo walioitwa Wamanyema. Kwa njia hii Kiswahili kikavuka ziwa na kuingia Kongo.

Lakini si kila mtu aliyekaa chini ya mwembe alikuwa huru. Wengi walivushwa ziwa kwa nguvu, wakapumzishwa hapa wakiwa katika minyororo, kisha wakapelekwa pwani. Wengine walibaki Ujiji, wakazaa, na wajukuu wao ni raia wa mji leo. Biashara ya kuwauza watu kwa njia ya bahari ilikatazwa kwa mkataba wa Unguja wa mwaka 1873, na katika Tanganyika utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Kwa hiyo mwembe wa Ujiji una kumbukumbu mbili: kivuli kwa aliyechoka, na kituo kwa aliyeibwa kwao. Mtu aupitaye haimpasi kuisahau hata mojawapo.

KIGOMA

Toka Ujiji mpaka Kigoma siku hizi pana barabara ya lami, na magari ni mengi, basi hatutakaa sana hapo. Ujiji ni wa zamani na Kigoma ni mpya. Ghuba ya Kigoma imekingwa na upepo, na maji yake ni ya kina cha kutosha meli kubwa. Kwa hiyo Wajerumani walipojenga reli kutoka Dar es Salaam waliifikisha hapo, mwaka 1914, wala si Ujiji. Tangu hapo biashara ikahama. Meli iitwayo Liemba ililetwa vipande vipande kwa reli hiyo kutoka Ujerumani, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina jingine, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 isitekwe na adui, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena. Jina lake la sasa ni jina la kale la ziwa lenyewe katika sehemu za kusini. Leo Kigoma na Ujiji ni manispaa moja.

MICHIKICHI

Mtu akiuacha mji, mti wa pili huanza kutawala macho yake. Huu ni mchikichi. Wageni hufananisha mchikichi na mnazi, lakini mwenyeji hawezi kukosea: makuti yake ni mazito zaidi, na shina lina vikonyo vya makuti ya zamani, na matunda yamesongamana katika mkungu, mekundu na meusi. Mkoa wa Kigoma ndio nyumba ya mchikichi katika Tanzania nzima. Hupenda mabonde yenye maji, kwa hiyo mtu akitazama kutoka juu ya kilima huona mistari ya michikichi ikifuata vijito, na vijumba vimejificha ndani yake.

Kazi yake ni hii. Mkwezi hupanda kwa kamba na panga, akaukata mkungu. Matunda hupukuchuliwa, yakachemshwa muda mrefu, kisha yakatwangwa au kukamuliwa kwa mashine ya mkono, mpaka mafuta mekundu yatoke. Hayo ndiyo mawese. Kokwa hazitupwi: hukaushwa, zikapasuliwa, na kiini chake, kiitwacho mise, hutoa mafuta mengine yafaayo kwa sabuni. Makapi huwashia moto, makuti huezekea vibanda, na vijiti vya makuti hufanywa fagio. Ni vigumu kuona sehemu ya mti huu isiyo na kazi. Tena kazi nyingi ya kukamua na kuuza yafanywa na wanawake, na fedha ya mawese ndiyo inayolipa mahitaji ya watoto shuleni katika nyumba nyingi.

Michikichi mingi ya zamani ni ya aina yenye kokwa nene na nyama kidogo, kwa hiyo mafuta yake si mengi. Tangu mwaka 2018 serikali imefanya juhudi ya kueneza miche ya aina bora, yenye kokwa nyembamba, na kituo cha utafiti kimewekwa Kihinga kwa kazi hiyo, kwa sababu nchi hutumia fedha nyingi kununua mafuta ya kula kutoka ng'ambo. Ni juhudi njema. Lakini wakulima wenye busara hukumbusha kwamba mchikichi wa zamani ulio kando ya kijito hauzai mafuta tu. Mizizi yake hushika ukingo wa kijito pia. Akatwaye mzee kabla mtoto hajashika ardhi, mvua ya kwanza hulichukua shamba.

VIBANDA VYA WAVUVI

Kibirizi ni mwalo ulio kaskazini ya Kigoma, na hapo ndipo mashua za vijiji vya kaskazini huondokea. Watu wengi husafiri kwa mashua hizo. Aendaye kwa miguu hufuata mchanga, na mahali pa majabali hupanda vijia vyembamba na kushuka tena. Hapo ndipo huona vibanda vya wavuvi, ambavyo watu wa pwani ya bahari wangeviita dago.

Kibanda cha mvuvi hakikujengwa ili kidumu. Ni miti michache iliyokitwa mchangani, na kuta za nyasi au matete, na paa la nyasi au makuti ya michikichi. Siku hizi mara nyingi huongezwa bati kuukuu au turubai. Ndani mna mkeka, chungu, nyavu na taa. Mvuvi hulala humo mchana, kwa sababu kazi yake ni ya usiku. Jua likichwa, mitumbwi huondoka miwili miwili au zaidi, na mara nyingi huunganishwa kwa miti, na wavu mkubwa hushushwa katikati. Dagaa hufuata mwanga. Zamani watu waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, wakateka dagaa kwa wavu wa mkono wenye mpini mrefu. Baadaye karabai zikaja, na sasa ni taa za betri na za nguvu ya jua. Mtu asimamaye kilimani usiku wa giza huona taa hizo zimeenea juu ya maji kama mji mwingine.

Usiku wa mbalamwezi dagaa hawakusanyiki penye taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Ndipo nyavu hushonwa, mitumbwi hutiwa kalafati, na watu huenda kwao kuwatazama wake na watoto. Katika pwani hii mwezi angani ndio kalenda ya kazi.

Alfajiri dagaa huanikwa. Zamani walimwagwa juu ya mchanga tu. Sasa wengi hutumia chanja za miti na nyavu, na dagaa wa chanjani hawana mchanga, huuzwa kwa bei bora. Jua likiwa kali hukauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha ghafula, mali ya usiku mzima huoza. Migebuka, walio wakubwa zaidi, hubanikwa kwa moto, na hapo ndipo kuni huhitajika.

Katika miaka ya karibuni samaki wamepungua, na wavuvi wameongezeka. Nchi nne za ziwa zilipatana kupumzisha uvuvi, na upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti mwaka 2024, ili samaki wapate kuzaa. Miezi mitatu ni mingi kwa mtu ambaye chakula cha leo chatoka katika wavu wa jana. Wako waliosema kwamba ni dhuluma. Wako waliosema kwamba walipofungua walivua kuliko walivyozoea. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zasema kweli. Anayepumzisha ziwa hana budi kufikiri pia jinsi mvuvi atakavyokula wakati ziwa limepumzika.

VILIMA VILIVYOVULIWA NA VILIMA VILIVYOVIKWA

Sasa tutazame upande wa kuume, yaani milimani. Kati ya Kibirizi na Gombe, milima hutelemka kwa ukali mpaka majini. Sehemu nyingi zake zina majani mafupi na mihogo, na makovu mekundu ambapo mvua imechukua udongo. Picha zilizopigwa kutoka angani miaka ya 1970, zikilinganishwa na zile za miaka ya 1990, zaonyesha jinsi miti ilivyotoweka kuuzunguka msitu wa Gombe kwa muda mfupi. Sababu zake zajulikana: watu wameongezeka, wakimbizi wamevuka kutoka Burundi na Kongo nyakati za vita wakitafuta usalama, kila nyumba yahitaji kuni, na mji wahitaji makaa. Hakuna aliyekata mti kwa uadui. Kila mmoja alikata wa kumtosha jioni ile.

Walakini hasara ni ya wote. Myombo husimamisha mvua: matone huangukia majani kwanza, kisha huingia ardhini polepole, na chemchemi hutoka chini hata kiangazi. Mlima ukiwa uchi, maji yote hushuka kwa saa moja, yakichukua udongo. Chemchemi hukauka, na wanawake huenda mbali zaidi na ndoo zao. Na udongo ule haupotei. Huingia ziwani, ukafunika mawe ya ukingoni ambapo samaki wengi wa rangi rangi hula na kuzaa. Basi mkulima wa mlimani na mvuvi wa ufukoni, ambao pengine hawajuani, wameunganishwa na kijito kimoja.

Myombo ni wa namna nyingi. Upo mtundu, na upo myombo wenyewe ambao gome lake hutoa kamba ngumu. Kati yake huota mninga, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao zake hupendwa na maseremala. Mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua haijaja, miyombo huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu na ya shaba, hata mlima mzima huonekana kama unaungua bila moshi. Katika mizizi yake huishi aina za uyoga ambazo hulisaidia shina kupata chakula ardhini, nalo huzilisha; kwa hiyo masika ikifika uyoga wa kuliwa huota chini ya miti hii. Waha ni mabingwa wa nyuki, na mizinga yao ya magogo hutundikwa juu ya miti hiyo hiyo. Asali, uyoga, kamba, dawa: hivyo vyote ni mavuno ya msitu uliosimama.

Tena Mungu ameujalia mti huu tabia moja njema. Kisiki cha myombo hakifi upesi. Kikilindwa na moto na shoka, huchipua chenyewe, na kwa miaka michache vichipukizi hushinda kimo cha mtu. Jambo hili ndilo lililowapa watu matumaini. Mwaka 1994 kazi iitwayo TACARE ilianzishwa na taasisi ya Dokta Jane Goodall pamoja na vijiji vya hapa: kwanza miche na maji na afya, baadaye vijiji vyenyewe kutenga sehemu za milima kuwa misitu yao, na kuchagua walinzi kutoka kwa wenyeji. Mwenda kwa miguu aweza kuona leo vilima vilivyokuwa na nyasi tu na sasa vina miti ya kuficha mtu. Kazi haijaisha, na moto wa kiangazi mmoja waweza kuharibu jitihada ya miaka kumi. Lakini imeonekana kwamba mlima uliovuliwa waweza kuvikwa tena.

GOMBE

Mwisho wa njia yetu ni Gombe. Hapo mtu huona mstari kama uliochorwa kwa rula: huku mihogo, kule msitu. Serikali ya wakati ule ilipafanya pori la akiba mwaka 1943, na mwaka 1968 pakawa hifadhi ya taifa, mojawapo ya zile zilizo ndogo kabisa katika Tanzania. Tarehe 14 Julai 1960 Dokta Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alifika hapo akiwa kijana, na mwaka uo huo aliona sokwe akichomeka jani katika kichuguu ili avue mchwa, jambo lililowashangaza wataalamu waliodhani kwamba mwanadamu peke yake ndiye afanyaye vyombo. Sokwe wa Gombe ni mia moja hivi au pungufu.

Hapa mchikichi hutupa habari nyingine. Ndani ya msitu, mbali na kijiji chochote, mtu hukuta michikichi ya zamani, na sokwe wakila matunda yake. Kabla ya mwaka 1943 watu waliishi na kulima katika baadhi ya mabonde haya, wakaondolewa. Sisi twafurahi kwamba msitu upo, kwa sababu bila ya mpaka ule leo tungeona mihogo mpaka kileleni. Lakini ni haki kukumbuka kwamba kuna watu walioulipia msitu huo kwa nyumba zao na makaburi ya babu zao. Ajuaye jambo hili hataona ajabu mwanakijiji akiuliza, kila anapoambiwa habari za kuhifadhi: "Safari hii atakayehama ni nani?" Jibu jema ni lile la misitu ya vijiji, ambapo mwenye mlima ndiye mlinzi wake, na faida humrudia.

MASHAURI KWA MWENDA KWA MIGUU

Wakati bora ni kiangazi, tangu Juni mpaka Septemba. Ondoka alfajiri, maana mchana jua huakisiwa na mchanga na maji, likachoma mara mbili. Chukua maji yaliyochemshwa. Usioge karibu na vijiji penye matete na maji yaliyotulia, kwa sababu ya kichocho; na mahali pote uliza kwanza habari za mamba. Nyani wa ufukoni hawana haya: mtu akiweka chakula chini, kimekwisha kuwa chao.

Usipite kati ya chanja za dagaa bila ruhusa. Hilo ni ghala la mtu. Mtu aliyelala kibandani mchana si mvivu, amekesha. Piga hodi kwa sauti ya chini. Kwa Waha, salamu yao "Mwakeye" hufungua milango mingi kuliko fedha. Na uingiapo Gombe, sharti ulipe ada na ufuatane na kiongozi, wala usiwakaribie sokwe ikiwa una mafua au kikohozi. Maradhi yetu huwaua: mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia kati yao, baadhi yao wakafa na wengine wakabaki vilema.

Mtu akiisha kuimaliza njia hii, na afanye jambo moja zaidi: atazame miti ya kwao. Kila njia ya nchi yetu ina miti iliyopandwa na mtu fulani kwa sababu fulani, na mingine iliyoachwa kusimama kwa sababu mtu fulani alilizuia shoka lake. Yafaa kuwauliza wazee sababu hizo wangali hai, na kuwaonyesha watoto miti hiyo kabla haijawa makaa. Kwa herini.